Nazmiye Alivyomhalalishia Haji

Haji Rüştü alipotaka kwenda Makka kwa mara nyingine, alizimisha cherehani zote za kiwanda chake cha taulo, akawakusanya wanawake wake wa kushona. Kila mmoja akapewa chai na kipande cha halua. Kisha mzee akainamisha kichwa, sauti ikamlainika.

"Sisi binadamu, hatujui nani atarudi. Kama nimekula haki ya mtu, nihalalishieni."

Hapa Denizli, mji wetu wa Uturuki, ombi hilo halikataliwi. Anayekwenda Makka, anayekwenda jeshini, hata anayehama mtaa, huomba halali, yaani asamehewe haki za watu alizokula, na hupewa, na atakayenyamaza ataonekana ana roho mbaya. Wote wakaitikia, "Halali yako!" Nazmiye ndiye aliyeitikia kwa sauti ya juu zaidi, maana alimpenda yule mzee. Alikuwa akimshonea pindo za taulo tangu kabla hajaolewa.

Jioni ya siku hiyohiyo Haji akamwita ofisini, akamwachisha kazi. Oda za Ulaya zimepungua, alisema.

"Usihangaike, mwanangu. Serikali ina mafao ya watu waliokosa kazi. Nenda ofisi ya ajira, watakulipa mpaka upate pengine."

Nazmiye akamshukuru. Ndiyo, akamshukuru! Mtu anafukuzwa na bado anatoa shukrani. Hasira hunipanda kila nikikumbuka.

Pesa zenyewe hakuzililia sana, kwani ngazi za maghorofa za kufagia hazikosekani mjini. Kilichomnyima usingizi ni bima. Mumewe, Şaban, ujanani alikuwa akizipiga suruali za jinzi kwa mchanga unaorushwa na mashine ili zionekane zimechakaa, maana matajiri hupenda kununua nguo iliyochakaa. Mchanga ule ukamla mapafu. Sasa alikuwa anapumua kwa mashine, na mashine ilikuwa inalipiwa na bima ya mkewe. Mafao yakitoka, bima inaendelea. Yakikosekana, mashine inarudi kwa wenyewe.

Kwenye ofisi ya ajira, msichana wa dirishani aliangalia kompyuta yake, akakunja uso.

"Mama, umeacha kazi mwenyewe halafu unataka mafao?"

"Nani kaacha? Nimeachishwa mimi!"

"Tajiri wako kaandika umeacha. Anayeacha mwenyewe halipwi."

"Basi kakosea."

"Akikosea, arekebishe yeye. Au nenda mahakamani na shahidi. Mwisho wa maombi ni Ijumaa. Anayefuata!"

Anayeacha kazi mwenyewe hadai pia kiinua mgongo, na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wote wa mzee. Lakini Nazmiye hakutaka kumdhania hivyo. Njia nzima alijisemea kwamba ni mhasibu aliyeteleza, na kwamba mtu anayeaga kwenda Makka hawezi kufanya jambo kama lile.

Kesho yake akaenda kiwandani. Alipoingia, cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine, wanawake wakatega masikio. Gülşen, jirani yake wa miaka yote, aliyekuwa akila naye sahani moja mchana, akampungia mkono kwa siri.

"Haji," Nazmiye akasema, "imeandikwa nimeacha kazi. Tafadhali irekebishwe, Şaban asije akakosa mashine."

Haji akatabasamu. "Mwanangu, si ulinihalalishia? Mbele ya hawa wote?"

"Nilikuhalalishia nisichokijua!"

"Halali ni halali. Ulikuwa na neno, ungelisema siku ile, ukiwa na chai yangu mkononi."

Hapo Nazmiye akamwelewa. Kumbe mzee alikuwa ameomba msamaha kwanza, ndipo akaenda kutenda.

"Basi naiondoa!" akapiga kelele. "Sikuhalalishii, Haji! Si leo, si siku ya kiama! Nenda Makka na pumzi za mume wangu shingoni!"

Kwetu hakuna tusi linalolipita hilo. Uso wa Haji ukaiva.

"Mwanamke huna adabu! Nimekufukuza, ndiyo! Na ungekuwa bado upo, ningekufukuza tena leo!"

Badala ya kuumia, Nazmiye alijawa na furaha. Mzee amelisema mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya ukumbi mzima.

"Mmesikia! Gülşen, shoga yangu, umesikia? Kasema kanifukuza! Twende mahakamani ukaseme hilo tu."

Gülşen akamtazama, kisha akamtazama Haji. Haji akamkazia macho, kisha akayashusha taratibu kwenye cherehani iliyokuwa mbele ya Gülşen.

"Mimi nilisikia ulivyomhalalishia, Nazmiye," Gülşen akasema. "Jingine sikulisikia. Cherehani zina kelele."

Akaweka mguu kwenye pedali, akaiwasha yake. Wa pili akawasha, na wa tatu, mpaka ukumbi wote ukawa unanguruma, na Nazmiye amesimama katikati akiita majina yao mmoja mmoja, wala hakuna aliyeinua kichwa.