Chupa Tatu na Kamba ya Zilpa

Zilpa alimpangusa mkwewe unga shavuni kwa kidole alichokitemea mate, sokoni Adungosi, mchana kweupe, watu wakiangalia. Asiyejua desturi za kwetu atauliza kosa liko wapi. Liko hapa: kijana aliyemwoa binti yako humpi mkono, huketi naye chumba kimoja, na mkikutana njiani mmoja wenu anaingia kichakani ili mwenzake apite. Kumgusa uso, tena kwa mate, ni jambo ambalo hata walevi wa Malaba hawajawahi kulifanya.

Hakumtambua, basi. Protus, mkwe huyo, alikuwa ametoka kusaga mahindi, na Zilpa akaona kijana tu, mmoja wa wale mamia ya watoto aliowazalisha katika miaka ishirini na miwili ya ukunga. Jina lilikuwa limemtoka kichwani, sura pia. Mkono ukaenda wenyewe. Aliposikia kimya kimewaingia wauza viazi ndipo akili ilipomrudia, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mwaka ulikuwa 1965, naye ana miaka arobaini na tisa. Kwa muda wa mwaka mzima hedhi yake ilikuwa haina adabu, miezi mitatu kimya, kisha wiki mbili mfululizo. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi kwenye nywele. Alilia kwa sababu ya sufuria iliyoungua. Aliingia jikoni akasimama katikati, hajui alifuata nini. Hayo yote aliyameza kimya, kwa kuwa hakujua yanaitwaje.

Zilpa hakusoma, wala hakuhitaji kalenda. Kila mjamzito aliyemjia alisokotewa kamba ya katani, ikatungikwa kwenye boriti ya jikoni, na kila mwezi ulipoandama likafungwa fundo. Kwa kamba hizo alijua nani yuko karibu na nani bado. Wiki ile ya sokoni zilikuwa kumi na moja. Kufikia Jumapili ya tatu imebaki moja. Wenyewe walikuja kuzichukua, wengine wakatuma mashemeji, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia usoni kwamba anaogopa mkunga ambaye Protus alisema amerukwa na akili. Huyu alisema anahamia Marachi kwa dada yake, yule akasema mume hataki. Wanawake aliowashika mikono wakipiga kelele kama wanachinjwa, leo wanamtazama miguu.

Kamba iliyobaki ilikuwa ya Perez, binti yake wa mwisho, mafundo sita, mimba ya kwanza. Ilikuwa imekubaliwa kwamba atakuja kujifungulia kwao. Protus akatuma neno: mke wake atazalishwa na mkunga wa upande wa Uganda, na kamba iletwe.

"Mwambie kamba haitoki hapa," Zilpa alimjibu mjumbe. "Na asitume mtu tena."

Sasa wakaja waganga wasioitwa. Kwanza mume wake, Okwara. Alikwenda Malaba kupeleka pamba, akarudi na chupa ya Bwire, yule mchuuzi wa dawa aliyesimama juu ya kreti karibu na stesheni. Chupa ilikuwa na picha ya mtu mwenye kichwa kikubwa, na Bwire aliapa kwamba inaondoa usahaulifu, minyoo na mikosi ya kortini. Kisha wifi yake akaleta unga wa magome ya mti kutoka ng'ambo ya mpaka, umetiwa ndani ya chupa ya soda. Mwisho Okwara akampeleka zahanati. Dresa, mhudumu wa dawa pale, alimtazama Okwara, si Zilpa.

"Mama anasumbuliwa na nini?"

"Kichwa. Na hasira."

"Hiyo ni umri tu, mzee. Wanawake wakifika hapo wanakuwa hivyo." Akahesabu vidonge vya vitamini vya manjano ndani ya chupa ya tatu.

Zilpa alikuwa ameketi pale pale, goti lake karibu ligusane na meza. Hata ng'ombe hupapaswa kwanza kabla ya kusemwa anaumwa nini. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakumjibu Okwara neno, na Okwara akaenda kusimulia kwamba ugonjwa umezidi.

Okwara na wifi walimwambia anywe zote pamoja, asubuhi na jioni. Hapo ndipo mkunga aliposhtuka ndani yake. Katika kazi yake kulikuwa na sheria moja asiyoivunja: mama hapewi dawa mbili siku moja, maana akipona hutajua ni ipi, na akifa hutajua ni ipi. Nani hawa wanaomshindilia dawa bila kujua wafanyalo? Akasokota kamba mpya, ya kwake mwenyewe, mwanamke asiye na mimba, akaitungika kando ya ile ya Perez. Kila siku ambayo kichwa kingemtupa, angefunga fundo dogo. Mwezi mmoja, chupa moja. Miezi mitatu ndiyo aliyokuwa nayo kabla ya Perez kujifungua.

Chupa ya Bwire ilikuwa tamu. Alilala usingizi mzito na kuamka ulimi mchungu. Mafundo kumi na tisa. Siku ya soko alimfuata Bwire, akachovya kidole ndani ya chupa na kumnusisha mbele ya wateja.

"Hii ni sukari ya kuungua na pombe ya waragi. Kunywa vijiko sita sasa hivi, halafu nitajie majina ya watoto wako wote."

Bwire alicheka, akatazama wateja, akaacha kucheka. Hakunywa.

Unga wa wifi ulimwendesha tumbo siku nne, akaumwaga kwenye shimo la choo na kuacha mwezi uliobaki upite hivi hivi. Mafundo kumi na manane, bila dawa yoyote. Vidonge vya dresa angalau havikudanganya mtu: miguu ilipata nguvu kidogo, ila kichwa kilikuwa kile kile. Kumi na saba. Na hasira haikupungua hata robo, kwa vile ilikuwa na sababu zake.

Akiwa na kamba hiyo mkononi alikwenda kwa Benedetta, mkunga mzee aliyemfundisha kazi. Benedetta ndiye aliyemwonyesha kugeuza mtoto tumboni na kuzuia damu. Hakuna kitu cha mwili wa mwanamke ambacho mama huyu hakukijua. Zilpa alimwekea kamba mapajani, akamweleza jasho, machozi, majina yanayopotea. Bibi kizee aliyapapasa mafundo moja moja.

"Hata mimi," alisema. "Miaka mitatu. Siku moja nilitia chumvi kwa chai ya padri. Nilifikiri mke mwenza amenifanyia kitu. Halafu ikaisha yenyewe, kidogo kidogo."

Zilpa aliona giza. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka ishirini na miwili tunazalisha pamoja. Ulinifundisha mpaka jinsi ya kukata kitovu. Hili ulinificha kwa nini, mama?"

"Haisemwi, binti yangu. Mimi pia sikuambiwa."

"Basi mmeniua nyinyi, si Protus," Zilpa alisema. Akalia palepale mlangoni, kwa uchungu na kwa ghadhabu. Alipomaliza kulia alijifuta uso. "Kichwa kinaniacha saa zingine, lakini mikono haijasahau. Perez akija, utakaa kando yangu. Utanitajia hatua moja moja kwa sauti. Nikiruka moja, unanipiga begani."

"Protus amekataa."

"Wewe niambie kama utakuja."

Benedetta alisema atakuja.

Kamba ya Perez ilipofika fundo la tisa, siku ya Alhamisi asubuhi, kengele ya baiskeli ililia nje ya ua. Mkunga wa Uganda alikuwa amekwenda matanga Tororo. Protus alikuwa amemkalisha mke wake kwenye keria, akaisukuma baiskeli maili nne, shati limelowa. Alimteremsha Perez getini, kisha akageuka na kuwapa nyumba mgongo, kama desturi inavyotaka.

"Hodi," aliuambia mti wa ua. "Kuna mgonjwa."

Zilpa alimshika binti yake na kumwingiza ndani, huku mtu mmoja akitumwa mbio kumwita Benedetta.

Walifanya kazi mpaka jua likapita utosi. Benedetta alitaja hatua, Zilpa akafanya. Mara moja tu alisimama, mikono hewani, macho yamekuwa meupe, na Benedetta akampiga begani. "Kitambaa." Akachukua kitambaa. Mtoto alitoka akiwa wa kike, mwenye kelele. Zilpa aliishusha kamba ya Perez boritini na kuyafungua mafundo yote tisa, kama alivyowafanyia wengine wote.

Kisha akaketi kando ya kitanda.

"Perez, sikiliza. Ukifika umri wangu damu itaanza kukuchezea. Utatoka jasho kwa baridi. Utasahau majina ya watu unaowapenda. Si wazimu, si uchawi, na hakuna wa kukuuzia chupa ya kuiondoa. Inapita. Umeambiwa, usije ukasema hukuambiwa."

"Mama," Perez alinong'ona, "Protus yuko hapo nje. Anasikia yote."

"Nataka asikie." Zilpa aligeukia mlango, lakini hakutoka. "Benedetta, mwambie aliye nje kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa pale sokoni. Na mwambie wako wanawake kumi waliochukua kamba zao kwa sababu yake."

Ukuta ulikuwa wa udongo, kila neno lilikuwa limekwisha kufika. Hata hivyo Benedetta alisimama mlangoni, akarudia yote, pole pole, bila kuruka moja.

Protus alikohoa. Alikuwa bado amewapa mgongo, mikono yake imeshika usukani.

"Mwambie mama nimesikia," alisema. "Leo sirudi nyumbani. Nakwenda kuwaeleza wote, nikianzia kwa yule aliyehamia Marachi."