Barua Pepe kwa Restituta

Wapo watakaosema nimetunga. Sawa. Lakini benchi lenyewe ninalo hapa dukani kwangu Rusimbi, na limeoza upande mmoja tu, ule aliokaa yeye. Njoo uliguse mwenyewe.

Nina stationery. Napiga kopi, natoa picha za pasipoti, na zaidi ya yote nawafungulia watu barua pepe. Unajua ilivyo: mtu anataka kuomba ajira, anaambiwa aweke barua pepe, hana, anakuja kwangu. Namfungulia, naandika jina, anwani hiyo ya barua pepe na namba ya simu kwenye kaunta buku. Akirudi baada ya miezi kadhaa amesahau nywila, hatuhangaiki, namfungulia nyingine. Ndivyo tunavyofanya sote wenye kazi hii.

Sasa Mzee Hamisi wa Ujiji, mwenye boti ya abiria inayopita vijiji vya kando ya ziwa, kaskazini hadi Kagunga, akaniomba nimtangazie. Nikajiona mjanja. Nikachukua lile daftari, nikaingiza anwani zote kwenye kompyuta, nikaipanga itume yenyewe kila Ijumaa jioni, tena kila mtu aitwe kwa jina lake. "Mpendwa fulani, nafasi yako ipo. Kesho asubuhi shuka ufukweni, tunakuja." Nilimwomba nani ruhusa? Hakuna. Mwalimu mmoja aliyehamia Lindi alinijibu, "Kijana, hiyo boti yako inafika Lindi?" Nikacheka, nikaendelea.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hataki kabisa mtu aliyezama na hajapatikana aitwe jina karibu na ziwa. Asiyezikwa, alisema, bado anasikiliza. Mimi niliona ni mambo ya wazee tu.

Ijumaa ya tatu, mchana kweupe, watu wametoka msikitini, akaingia msichana. Ilikuwa kiangazi, vumbi limejaa mtaani, lakini gauni lake lilikuwa linachuruzika maji. Akaketi pembeni mwa benchi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Vipi, umetoka kuvua dagaa?" nikamtania.

Hakucheka. "Naomba unifute kwenye orodha yako. Naitwa Restituta, wa Mwamgongo."

"Nikufute kwa nini? Tangazo tu hilo, halina ubaya."

"Simu yangu anayo mama. Kila ukiniita, anashuka ufukweni kunipokea. Jumamosi ya kwanza aliishia mchangani. Ya pili, maji yalimfika kiunoni."

Sikumwelewa, nasema kweli. Nikatafuta jina lake kwenye kompyuta, nikalifuta.

"Umefuta yote?" akauliza.

"Yote," nikamjibu, bila hata kutazama vizuri. Nilitaka aondoke.

Nilipoinua macho hakuwepo. Mlango wangu unalia ukiguswa kidogo tu, na siku hiyo haukulia. Benchini palikuwa na maji yananuka ziwa.

Nikafungua faili la picha za wateja. Yumo. Nilikuwa nimempiga picha mwenyewe, ya pasipoti, alipokuja kuomba kazi. Hapo ndipo nilipokumbuka. Mtumbwi uliopinduka msimu wa mvua, msichana wa Mwamgongo ambaye mpaka leo hajapatikana. Nilikuwa nazo habari! Hata rambirambi nilichangia. Lakini nilipokuwa naingiza majina, niliona anwani, sikuona watu.

Nikapiga ile namba ya daftarini. Iliita mara moja tu, ikapokewa.

"Mwana wanje," sauti ya mama mtu mzima ikasema, yaani mwanangu kwa Kiha, "Resti, ni wewe?"

Nikakata simu.

Dhambi yangu ndiyo hiyo, wala siifichi. Ningeweza kumwambia, mama, nisamehe, ni tangazo la biashara, usishuke kesho. Maneno machache tu. Nikaona aibu. Nikajipa moyo kwamba jina nimeshalifuta na mambo yamekwisha. Jioni kompyuta ikatuma kama kawaida, mimi nikafunga duka nikaenda kula.

Jumamosi alasiri nahodha wa boti akaja dukani. Alikataa kukaa.

"Kuna mama pale Mwamgongo," akasema. "Katufuata majini, kainua simu juu isilowe. Anauliza Resti wake kakaa upande gani. Tukamwambia, mama, hayupo humu. Akasema, basi yuko nyuma yenu. Akatupita. Tuliruka majini watu watatu kumtafuta, ndugu yangu. Hatukumpata."

Akaniuliza ni nani aliyemtumia yule mama ujumbe. Nikamwambia sijui.

Alipoondoka nikafungua kaunta buku, nikalisoma mstari kwa mstari. Restituta wa Mwamgongo alikuwemo tena, kurasa nyingi mbele, kwa mwandiko wangu mwenyewe: amesahau nywila, kafunguliwa mpya. Namba ya simu ni ile ile. Nilikuwa nimefuta anwani moja tu.

Orodha yote nimeiteketeza na daftari nimelichoma. Haikusaidia. Kwa hiyo wewe unayekusanya majina ya watu na kuwatumia matangazo wasiyoyaomba, usiniambie hayana ubaya. Jua kwanza unamwita nani, na simu yake inashikwa na nani.

Maana kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, mlango haulii na benchi langu linalowa. Siku hizi wanakuja wawili. Msichana anaketi pale pale pembeni, ameinamisha kichwa, haombi tena kufutwa. Mama yake anasimama, ananitazama tu, kama mtu aliyeitwa na anangoja aambiwe alichoitiwa.