Magoli Matano kwa Mitupo Saba

Kidato cha pili nilikuwa na rafiki mmoja tu, yule niliyekaa naye dawati moja. Baba yake alikuwa anachimba dhahabu Rwamgasa, na yeye aliishi na dada yake hapa Kalangalala, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kila asubuhi alinipitia. "Mwangaluka, fundi kompyuta," ananisalimia Kisukuma kwa sauti ya mtaa mzima, na mimi natoka nimeinamisha kichwa. Mambo ya kuongea nilimwachia yeye.

Alichokitaka mwaka ule ni kuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete kwenye mashindano ya mkoa. Nafasi ilibaki moja, wakaigombea wawili: yeye na msichana mmoja mrefu wa kidato cha tatu. Mwalimu wa michezo akasema kila mmoja arushe mara kumi. Yule mrefu akafunga magoli saba. Rafiki yangu alikuwa amerusha mara saba na kufunga matano mvua ilipomwagika, uwanja ukawa tope, tukakimbilia chumba cha kompyuta. Majina yalitakiwa siku ileile.

Mwalimu, ambaye pia ndiye aliyetufundisha kompyuta, akanigeukia. "Wewe si una ile programu ya kulinganisha alama za majaribio? Weka namba."

Nikaweka. Ilikuwa inagawanya, kisha inabakiza tarakimu moja tu baada ya nukta, maana niliona namba fupi zinapendeza. Saba kwa kumi ikatoa 0.7. Tano kwa saba nayo ikatoa 0.7. Kioo kikaandika: SAWA.

"Basi aende mrefu," mwalimu akasema, akaondoka na karatasi yake.

"Mashine yako imeninyonga," rafiki yangu akaniambia. Alicheka, ila uso aligeuzia dirishani.

Nilibaki na ile kompyuta. Nikawaza: kwani lazima nigawanye? Tuseme kila mmoja angerusha mara sabini kwa mwendo uleule. Tano za rafiki yangu mara kumi, hamsini. Saba za yule mrefu mara saba, arobaini na tisa. Nikafuta mstari wa kugawanya, nikaandika wa kuzidisha: magoli ya huyu mara mitupo ya yule, halafu magoli ya yule mara mitupo ya huyu. Hakuna nukta, hakuna cha kukatwa. Kioo kikamtaja rafiki yangu.

Mlango wa ofisi ya walimu niliufikia mara mbili nikarudi. Mara ya tatu nikabisha hodi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sema."

Nikaweka mezani daftari nililoandikia ile hesabu.

"Hamsini kwa arobaini na tisa," akasoma. "Kwa goli moja tu unanisumbua?"

"Programu ilikosea, mwalimu. Yaani mimi ndiye niliyekosea."

Akanitazama kidogo, akachukua kalamu, akakata jina, akaandika jingine.

Timu ilitolewa mapema, lakini rafiki yangu alirudi na hadithi za wiki nzima. Mwaka huu yeye na dada yake wamehamia Nyahanga, kule Kahama, na asubuhi naenda shule peke yangu, hakuna wa kunitangaza mtaani. Nikimkumbuka, namkumbuka na yule mrefu, alivyosimama getini akitazama basi la timu likiondoka. Haki ilikuwa ya rafiki yangu, hesabu haina ubishi. Ila kama hamsini zingekuwa za yule mrefu, sidhani kama ningeufikia ule mlango hata mara moja.