Mkono wa Shamba la Mtama

Shule ninayofundisha iko nje kidogo ya soko la Zombe. Timu yetu ya besiboli ina glavu chache kuliko mikono, lakini hilo halikuwahi kunisumbua. Aliyenisumbua ni kocha mkuu, aliyerudi kutoka semina ya Nairobi na njia moja tu ya kurusha mpira: kiwiko juu ya bega, watoto wote mstarini.

Mimi msaidizi wake sikuona watoto wawili waliofanana. Mvulana mmoja alikuwa akifumba macho kila mpira unapomjia, nikamshonea mpira wa soksi na matambara, akaudaka mpaka uoga ukampungua. Na kulikuwa na msichana aliyerusha kwa ubavu, mkono ukipita karibu na kiuno.

Mkono huo niliujua, maana hata mimi nimekulia kwenye mtama. Mtama ukianza kuiva kwetu, watoto hupanda dunguni, kile kijukwaa cha miti shambani, kuamia ndege wasiule. Ukirusha jiwe kutoka juu ya bega litaangukia mashuke liyavunje, na nyumbani utajieleza. Kwa hiyo unarusha kwa ubavu, jiwe lipite juu ya mashuke limenyooka.

Kocha alijaribu kumrekebisha. Kila msichana alipoinua kiwiko, mpira uliishia kwenye miiba. Tulipokaribia kwenda kucheza Mukuyuni, kocha akanijia, msichana akisikia.

"Madam, hiyo style si ya baseball. Arushe kama wengine ama abaki."

"Akibaki, na mimi nabaki."

Wasichana wetu hawasafiri bila mwalimu wa kike, na mwalimu wa kike wa timu nilikuwa mimi peke yangu. Kocha akaenda kukusanya glavu. Nilikuwa na hasira, na nilifurahi sana.

"Madam, nitaachwa?" msichana akauliza, akivuta uzi wa sweta yake.

"Hakuna mtu anakuacha. Wewe rusha vile unajua."

Mukuyuni, kocha alimweka nje mpaka mrushaji wake akachoka kabisa. Msichana alipoingia na kuinama, wenyeji walicheka.

"Aiya! Huyo anafukuza nini?"

Mpigaji aliinua gongo akingoja mpira utoke juu. Ulitoka kiunoni, naye akapiga hewa. Aliyemfuata akapiga hewa pia. Mchezo tulishindwa, kwa sababu tulikuwa tumeshaachwa mbali, lakini yeye hakufungwa hata pointi moja, na kicheko sikukisikia tena.

Jumatatu nilimkuta kocha amewapanga watoto wote mstarini, uso unang'aa.

"Leo kila mtu atarusha kwa ubavu," alitangaza. "Madam, waonyeshe."

Niliwatazama mmoja mmoja. Mwishoni alisimama mvulana wangu wa mpira wa soksi, mkono kiunoni kama alivyoambiwa, macho ameyafumba tena.

"Hapana," nikasema, nikaenda kumtoa mstarini.