Mtoto wa Dada

Matembezi yale yalinigharimu baba, na chokoleti niliyonyweshwa haikufidia hata nusu. Leo nimenusa glavu za sufu zikikauka juu ya hita, yakanirudia yote.

Ilikuwa miezi michache tangu mimi na mama tumfuate baba Rissne, huko Uswidi. Jioni hiyo alinichukua tutembee msituni na wenzake wa kazini, tumefunga taa vichwani, theluji ikilia chini ya viatu. Nilimshika mkono kwa majivuno. Njia iliishia kwenye baa ya kijijini, na humo mwanamke mmoja akamfungua baba skafu kama aliyezoea.

"Na huyu ni nani?" akauliza kwa Kiswidi.

"Mtoto wa dada yangu," baba akajibu bila kupepesa macho. Alidhani Kiswidi changu hakijafika huko.

Nikasukuma kikombe, nikamwambia kwa Kiswahili, "Mjomba, niongezee chokoleti."

Akaagiza haraka, na krimu juu. Njiani akaninong'oneza, "Mwanangu, mama asijue."

Hajui. Jumamosi wanasherehekea miaka ya ndoa yao, na mama ameniomba nisimame mbele ya wageni nizungumzie uaminifu wa baba. Ingekuwa nyinyi, mngesema nini?