Taya la Noella, Fundi wa Kasenga

Binti yangu Noella ni fundi wa kushona hapa Kasenga. Mashine yake iko kwenye baraza la duka, na wateja wanampenda kwa sababu mkono wake ni mwepesi. Tangu utoto meno yake ya mbele hayakutani. Akiuma, ya juu na ya chini yanaacha nafasi. Shuleni walimwita Dirisha. Hakulia, aliwatolea ulimi kupitia hapo hapo.

Mimi meno hayo yalinitia hofu siku zote. Kwa hiyo taya lake lilipoanza kulia kak, kak wakati wa kula, nilisikia kabla yake.

"Weye mama, unakula na masikio?" aliniuliza, akacheka.

Baadaye hakucheka. Maumivu yalimshika mbele ya sikio la kushoto, na asubuhi moja kinywa kikakataa kufunguka zaidi ya upana wa kidole. Akawa anakoroga bugali ndani ya mchuzi wa ndagala, wale samaki wadogo, mpaka uwe uji, na bado alikuwa akikonda.

Jirani yetu Gaspard, ambaye Noella humwita ya Gaspard, yaani kaka, hung'oa meno nyumbani kwake. Alikuja, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Magego ya nyuma ni marefu, ndiyo maana ya mbele hayakutani. Tutoe mawili, taya litakaa mahali pake."

"Lakini meno hayaniumi, ya Gaspard. Iko inaniuma hapa," Noella akasema, akigusa karibu na sikio.

"Taya linafuata meno, dada."

Maneno yake yalifanana na hofu yangu, kwa hiyo niliyaamini. Noella alikubali kwa njaa tu. Wakapatana Jumamosi. Lakini usingizi ulinikataa, nikifikiri kwamba gego zima likishatoka halirudi. Ijumaa nikampandisha pikipiki, tukaenda kwa daktari wa meno.

Daktari, mama wa makamo kama mimi, alimbonyeza mashavu, akamwambia afungue na kufunga polepole. Sikuweza kungoja.

"Mama daktari, si ni meno kutokutana ndiyo yameharibu taya?"

"Yanaweza kuongeza taabu, mama. Kusema ndiyo chanzo, siwezi. Watu wengi wana meno kama haya na taya haliwaumi. Na wengine meno yamepangika vizuri, na taya linawaumiza." Akamgeukia Noella. "Unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Kitambaa unakipasua namna gani?"

Noella akainua pindo la kitenge chake. Kila fundi wa baraza letu hufanya hivyo: anauma ukingo mpaka upate mwanya, kisha anapasua kwa mikono. Lakini wenzake huuma kwa meno ya mbele. Yeye, kwa kuwa ya mbele hayashiki, alisukuma taya lote kushoto ili magego yashike. Alipofika hapo maumivu yakamfanya aachie. Mbele yangu alikuwa amefanya hivyo maelfu ya mara, na mimi nilikuwa nikiona wepesi wa mkono tu.

"Basi," daktari akasema. "Hapana kung'oa jino zima. Kitambaa ni kwa mkasi. Kula vitu laini, acha muwa, weka kitambaa cha maji ya moto hapa. Ukinyamaza, meno yasigusane. Kisha urudi nione."

Jumamosi Gaspard alifika na koleo lake ndani ya taulo.

"Rudi nalo, ya Gaspard. Daktari amesema niache kuuma kitambaa, si kung'oa meno," Noella akamwambia kutoka kwenye mashine. "Ukitaka sana kung'oa, kuna misumari kwenye baraza hili."

"Aa! Na kitambaa cha suruali niliyokupa ushone, utakipasua na nini sasa?"

"Na mkasi, kama watu."

Maumivu yamepungua polepole, hayajaisha. Jana Georgette, mteja wake, alikuja mbio na pagne, kitenge cha harusi, akasimama karibu yake akimhimiza. Noella akainua pindo mpaka kwenye midomo.

"Noella!" nikaita.

Akashusha mkono. Akatafuta mkasi, akaukuta chini ya vipande vya kitambaa, akakata.

Mchana alikata tonge la bugali, dogo, akalitafuna bila mchuzi. Magego yake yote yako. Nilisikia kak moja, nikainua macho.

"Nimekuona, mama," akasema, kinywa kimejaa. "Kula yako."