Dua Tuliyoisomea Korona

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, tulipochinja mbuzi kwa ajili ya mashine. Usicheke. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, kwenye shamba la mkonge upande wa Mnyuzi, ambako mume wangu Mhando alikuwa mlisha majani. Mashine ya zamani ililishwa kwa mkono, jani baada ya jani, zibaki nyuzi tupu. Ilikuwa imeshamla Mhando vidole viwili.

Basi ikaletwa mashine mpya, iitwayo korona. Majani unayapanga tu kwenye mkanda, yanakwenda yenyewe. Tulifurahi kupita kiasi! Wanawake tukapika pilau, wanaume wakaizunguka mashine wakaisomea dua isimwage damu ya mtu. Nililia kwa furaha.

Baba mkwe alikuwa amefika siku hiyohiyo kutoka Handeni, kumwambia mwanawe kuwa kijiji kipya cha ujamaa kinagawa mashamba. Alikataa kula.

"Mmeiombea mashine isile mikono," akasema. "Na hiyo mikono itakula wapi?"

"Baba, turudi kufanya nini? Sasa ndiyo kazi imekuwa kazi," Mhando akamjibu. Nami nikamtetea kwa sauti, bila haya mbele ya mkwe. Shamba letu la kule kijijini akapewa mwingine.

Dua ilikubaliwa, mwanangu. Korona ile haikumkata mtu. Ila msimu haukuisha, msimamizi akawaita walisha majani wote, akawashukuru, akawaambia warudishe nyumba za kambi. Mhando akaomba walau apangiwe kwenye mkanda. Msimamizi akautazama mkono wake, akasema wanataka wenye vidole kumi.

Tukarudi Handeni. Mhando alilima vibarua kwenye mashamba ya wenzake mpaka alipokufa. Jioni alikaa akiutazama mkono ule.

Sikuambii uzikimbie mashine, utakimbilia wapi? Lakini ikiletwa mpya kazini kwako, kabla hujapika pilau, jiulize ukiondolewa hapo utasimama wapi. Kama hujui, patafute mahali hapo wakati waajiri wako wangali wanakuhitaji. Sijui kama utanisikia. Sisi tuliambiwa, tukala nyama.

Mungu akulinde na mashine inayokata, mwanangu, na ile isiyokata akulinde nayo zaidi. Amina.